Ulimi wa Tope

Rehema mwanangu,

Umeenda Tarasaa kumuaga shangazi yako, na namjua yule, hatakuachilia kabla ya jioni. Mimi niko juu ya dungu, nalinda kijaruba chetu cha mpunga. Nimechukua daftari lako kuukuu la bayolojia, lile lenye kurasa tupu nyuma, na kalamu ya baba yako. Ukiona mstari umekatika ghafla, ujue ndege wametua nikasimama kupiga debe.

Ya nguo, ya sabuni, ya marafiki wa kuchagua na wa kukimbia, hayo sitaandika. Nimeyasema wiki nzima mpaka ukaniita redio isiyoisha betri. Kesho ukipanda basi la kwenda chuoni pale Minjila utakuwa na barua hii mkobani, na nitakuwa nimekuomba usiifungue mbele ya baba yako, ungoje basi liondoke. Ninalotaka kukuambia nimeshindwa kukuambia uso kwa uso. Nimejaribu mara tatu tangu Jumapili. Mara ya kwanza ulikuwa unasukwa, kulikuwa na watu. Mara ya pili nilifika mlangoni kwako nikajifanya nimekuja kuomba chumvi, chumvi ambayo ni yangu, katika nyumba yangu. Mara ya tatu nikakugombeza bure juu ya ndoo. Nisamehe kwa ile ndoo.

Basi ni habari ya Ziwani, bonde letu linalojaa maji ya mto na kukauka, na ule ulimi wa tope unaoupenda kuliko ndugu zako.

Wewe uliujua kwa Daktari, ambaye nitamfikia. Mimi nilikuwa naukanyaga kabla hujazaliwa. Nilipoolewa hapa sikujua kulima kwa mto. Kwetu Wenje tulikuwa na mto pia, lakini mama yangu alilima kwa kuangalia mawingu, nami nikaja na tabia hiyo. Mwaka wangu wa kwanza maji yaliposhuka, baba yako akasema tupande, jirani wa upande wa pili ameshapanda. Nikapanda. Mahindi yote yakaoza ardhini. Nyanya yako, mama yake baba yako, hakunisema. Akanishika mkono, akanipeleka Ziwani, akainama na mgongo wake ule mbovu, akaweka kidole kwenye tope. "Unaviona hivi vijani vilivyojibandika? Huu ni ulimi wa tope. Ukitoka, panda. Usipotoka, ngoja, hata mumeo apige kelele namna gani." Tangu siku ile sikumsikiliza tena baba yako kwa habari ya kupanda, na yeye mwenyewe akaacha kusema.

Hivyo ndivyo wanawake wa hapa walivyolima. Maji yanakuja, yanakaa, yanaondoka, na ulimi ukitoka juu ya tope, kijani kibichi, umegawanyika nchani, mtu anajua ardhi imeshiba bila kulewa. Hatukuusifu. Nani asifu saa ya ukutani?

Kisha akaja yule mwalimu wa chuo kikuu tuliyemwita Daktari, na kioo chake cha kukuzia kimening'inia shingoni. Alikuja kutafuta kitu kingine kabisa. Ukamtembeza wewe, kwa kuwa ulikuwa umemaliza kidato cha nne na hukuwa na la kufanya ila kubishana na mimi. Alipouona ulimi alipiga magoti kwenye tope na suruali yake nzuri. Nilidhani amepatwa na kifafa! Kumbe analia. Alisema aliwahi kuuona umekaushwa kwenye karatasi tu, na kwamba kule ulikochumwa zamani hakuna tena tope la kuutosha, pamekuwa nyumba na barabara. Huenda Ziwani ndipo pa mwisho, akasema.

Ulirudi nyumbani usiku ule hushikiki. Mama, hauna ua! Mama, hauna mbegu, hauna hata mzizi wa kweli, unakunywa kwa mwili mzima! Ukanieleza maadui zake mmoja mmoja. Maji yanayozuiwa kwenye mabwawa huko juu, yakaacha kuja kwa wakati wake, kisha yakafunguliwa kiangazi na kutufagilia kila kitu. Mathenge, ule mti wa miiba usiofaa kwa lolote, unaoingia kila mahali maji yasipofika. Ng'ombe wanaosukumwa na ukame mpaka kwenye tope bichi. Nikakuuliza, "Na sisi tunaolima je?" Ukasema, "Na sisi pia, mama." Hukunibembeleza. Nilikupenda sana siku hiyo.

Ngoja nikimbize ndege.

Haya. Sasa nikuambie jambo ambalo wewe hukulelewa nalo, kwa sababu ulilelewa shuleni. Zamani kidogo, wewe ukiwa bado mgongoni mwangu, walikuja wageni na ramani. Mzee mmoja wa hapa, mkarimu kupita kiasi, akawatembeza siku nzima. Hapa maji hukaa mwaka mzima. Hapa ardhi ni nyeusi mpaka kiunoni. Hapa kambare huchotwa kwa kikapu. Kila alipoonyesha kidole wakaandika. Kabla ya mavuno yaliyofuata, pale pote alipoonyesha palikuwa na vigingi vya saruji, na ikatuchukua miaka ya kwenda ofisini na kurudi kabla hatujaweza kulima tena bila hofu. Yule mzee alikufa watu wakiwa bado wanamnong'ona. Na kwetu Wenje shangazi yangu aliambiwa asikate hata ufito mmoja, maana msitu una kima wasiopatikana kwingine. Kima akawa na msitu, shangazi hana nguzo ya nyumba.

Ndipo tukajifunza neno moja. Mgeni akiuliza kuna nini huko bondeni, jibu ni hamna kitu. Mtu atakuwa amebeba kambare wanne mgongoni, mikia inaburuzika chini, na atakuambia hamna kitu. Nyanya yako alinifundisha neno hilo mwaka uleule alionifundisha ulimi. Alisema haya mawili yanakwenda pamoja, cha kwetu tunakijua sisi.

Mwaka jana ulikuwa Garsen ukishughulikia vyeti vyako. Akaja kijana wa mradi wa mfereji, ule wa kuleta maji mashambani, na fomu. Baba yako alikuwa naye, maana ndiye mwenyekiti wa kamati ya mfereji, na mimi nilikuwa Ziwani nakata matete. Kijana ana adabu, akanisalimu shikamoo, akaniuliza, "Mama, hapa kuna mimea au wanyama wowote ambao hawapatikani kwingine?" Ulimi ulikuwa umetoka, mwanangu. Ulikuwa chini ya viatu vyake. Nami nikasema, "Hamna kitu."

"Una hakika, mama?"

"Kitu gani tena? Ni tope tu hili."

Akaandika. Akanipa kalamu, nikatia sahihi kama mkazi wa eneo. Baba yako alikuwa amesimama kando, akatazama matete. Nikaenda zangu na mzigo wangu kichwani nikijiona mjanja wa wajanja. Nilijisemea, wakijua, watazungushia ua na kutufukuza kama shangazi. Hapo nilikuwa na sababu, usifikiri sikuwa nayo. Nililokuwa silijui ni kwamba palipo hamna kitu ndipo pa kupitishia mfereji. Vigingi vyekundu vilipoanza kuchomekwa katikati ya Ziwani nilikuwa nimesimama palepale, na hata hapo nilichelewa kuelewa.

Ni mimi, Rehema. Mtu uliyekuwa unamtafuta ni mimi.

Ulipoandika na Daktari kwa watu wa mradi, nilikuwa naomba wasijibu. Wakajibu. Ukaisoma ile barua jikoni, mimi nasonga sima, baba yako ameketi kwenye kigoda. Ikasema wakazi wenyewe walithibitisha kwamba eneo lile halina mmea wowote wa pekee. Ukaitupa chini. "Ni nani huyu mjinga? Ni nani aliyewaambia hivi? Mtu wa hapa kabisa? Laiti ningemjua!" Mimi nikaendelea kusonga. Niliisonga sima ile mpaka ikawa tofali, ukaila hivyohivyo kwa hasira bila kuona. Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu, na siku ile kilikuwa kimeshika mwiko.

Baba yako alinitazama. Alikuwa anajua na hakusema. Kesho yake akarudi kutoka Garsen na leso mpya, nzuri, nyekundu na nyeusi, akanipa bila sherehe. Wewe ukacheka, ukasema baba amekumbuka mapenzi. Sijaivaa hata leo. Wakati mwingine natamani angenifokea.

Umewahi kuniuliza mbona karai kubwa limejificha nyuma ya ghala, nikakuambia limetoboka. Halijatoboka. Maji yaliposhuka mwaka huu nilikwenda Ziwani alfajiri, nikachota tope pamoja na ndimi zake, nikazitia karaini, nikaliweka kivulini. Nilijisemea, nitazitunza mimi, mfereji upite, kila mtu apate chake. Nilizimwagilia asubuhi na jioni. Nilikuwa nazisemesha, haki ya Mungu. Zikageuka manjano, zikalegea, zikawa utelezi wenye harufu. Nilikuwa nazizamisha kwa huruma yangu. Kitu kile kinataka maji yaje na kinataka maji yaende, na mimi nilijua kumwaga tu. Kuna jambo nilijifunza pale juu ya namna nilivyokulea wewe, lakini sitalisema, utajaza mwenyewe.

Sasa sikia nilipo. Baraza la mwisho la kijiji juu ya mfereji ni keshokutwa. Tingatinga limeshafika Minjila, utaliona kesho kushoto kwako, la manjano. Nilikwenda Garsen Jumatatu, nyote nikawaambia nafuata dawa ya mbuzi. Nikamkuta yuleyule kijana. Nikamwambia, mwanangu, lile neno langu silo. Hakuwa mkali. Akasema fomu imeshakwenda juu, lakini naweza kukanusha barazani mbele ya watu, wao wataandika, na kazi itasimama mpaka wataalamu waje kuangalia. Au niandike kwa mkono wangu, mwenyekiti wa kamati atie sahihi. Nikacheka! Yule maskini akadhani nimefurahi.

Nilimwambia baba yako Jumatano tukifunga mbuzi. Alimaliza kufunga fundo kwanza. Kisha akasema, "Mama Rehema, watu wamengoja maji haya mpaka wengine wamekufa wakingoja. Kazi ikisimamishwa hapa, mradi utahamia kijiji kingine. Wewe ndiye utakayewaambia?" Nikamwambia mfereji ungeweza kuzunguka kwa juu, upande wa makaburi ya zamani, Daktari mwenyewe alisema. Akasema, "Ungeweza. Lakini nani atangoja?" Hakupandisha sauti. Angepandisha ningepata pa kushika. Na mbaya zaidi ni kwamba ana haki, Rehema. Mto hauji tena kama ulivyokuwa ukija. Huu mpunga ninaoulinda hapa, nimevunja suke sasa hivi, nusu ni makapi. Ndege wenyewe wanatua na kuondoka. Mimi pia nataka maji. Wanawake wenzangu wa kikundi wameshagawana mahali pa kupanda mboga kando ya mfereji ambao haujachimbwa, na mimi nimepewa mahali pazuri kuliko wote, karibu na nyumba, kwa heshima ya baba yako.

Hivyo niko hapa juu. Nikisema, nawanyima maji watu walionizikia mama yangu. Nisiposema, nauzika ulimi kwa mkono wangu, na wewe pamoja nao. Nimezunguka jambo hili pande zote nikitafuta mlango na kila ninaposukuma ni ukuta. Wakati mwingine usiku namkasirikia Daktari kwa kuja. Wakati mwingine namkasirikia nyanya yako, Mungu amrehemu, kwa kunifundisha neno bila kunifundisha siku ya kuliacha. Na juzi, wewe unakunja nguo zako, ukaniambia bila hata kugeuka, "Mama, niangalizie Ziwani." Nikasema haya. Haya! Kwa wepesi kama mtu aliyeombwa kuangalia chungu kisifurike.

Nisikuhubirie. Mimi si wa kumhubiria mtu mwaka huu. Nilifundishwa kwamba kufunga mdomo ni akili, na kuna siku ilikuwa akili kweli, ilituokolea mashamba. Ningependa kukuambia mtu hujuaje siku ambapo akili ileile imegeuka kuwa uoga. Sijui. Nilipita pale bila kuona alama yoyote. Ninachojua ni kwamba mficha uchi hazai, na kwamba nilikuwa na binti aliyejua kila kitu juu ya tope lile, chini ya paa langu, na sikumuuliza kabla ya kutia sahihi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko fomu yenyewe. Nilikuona mtoto. Ulikuwa umeshanipita.

Huko uendako utakutana na watu watakaosema wanakijiji ndio wanaoharibu, hawajui thamani ya walicho nacho. Watasema mbele yako bila kujua wewe ni wa wapi. Usikubali yote, na usikatae yote. Waambie kuna mwanamke aliyejua. Waambie alijua na akaogopa, na mambo aliyoyaogopa yalikuwa ya kweli.

Jua linaanza kushuka, utakuwa njiani unarudi. Nimekata shauri hivi, na ni shauri la mtu aliyebanwa, usilitarajie liwe zuri. Keshokutwa nitasimama barazani. Kusimama nitasimama, miguu yangu naiamini. Mdomo siuamini. Nawaona tayari, wote wamekaa, baba yako mbele na daftari la kamati, wanawake wangu upande wa kushoto, na neno lile la zamani limeketi mdomoni kwangu limejizoesha. Nikishindwa sitaweza kukuambia kwamba nimeshindwa. Nitakupigia simu jioni nikuulize mmekula nini. Basi ukinisikia nauliza mmekula nini, usinijibu. Kata simu, mpelekee Daktari barua hii, na aipeleke anakojua yeye.

Baba yako ataumia. Namwandalia maneno lakini sina bado. Huenda wanawake wenzangu wataninyamazia kisimani, na watakuwa na haki ya kuninyamazia. Usirudi nyumbani kuja kunitetea. Hata ukisikia nini, kaa usome. Ulitaka kumjua mjinga yule ni nani ili umwambie usoni, na mimi nimekimbia uso wako nikajificha nyuma ya karatasi. Utakapokuwa tayari, njoo likizo uniambie. Nitakaa chini nikusikilize mpaka umalize, sitashika mwiko wala ndoo.

Jambo moja tu nakusihi. Barua hii ikisomwa mbele ya watu, usinifiche. Usiseme mama mmoja wa kijijini, usiseme mkazi wa eneo. Nakupenda, na ninajua huruma yako, na ndiyo maana nakusihi. Wasomee jina langu lote, polepole, waliandike:

Tabitha Komora Jilo, mama yako.